Jalladi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la kale la mtekeleza hukumu ya kifo

Maswali haya hurudi kila neno hili linapotajwa, iwe darasani, kwenye tafsiri au barazani. Mepesi yametangulia, ya pembeni yako mwisho. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi, utaelekezwa.

## Neno na maana yake

Jalladi ni nani?

Ni mtu aliyewekwa kutekeleza adhabu ya mwili: kuchapa, kukata kichwa, kunyonga. Neno ni la Kiarabu. Kutoka huko liliingia Kiajemi, Kituruki, Kihindi na Kiurdu, na kwa mgongo wa Waturuki likafika hadi Balkani. Ukilisikia leo katika lugha hizo, mara nyingi anayetajwa ni yule anayeua kwa amri ya dola.

Tofauti yake na muuaji wa kawaida ni kwamba jalladi hana ugomvi na anayemuua. Hamjui, hamdai, wala hakukosewa naye. Amekabidhiwa mtu pamoja na amri, na akimaliza anapokea ujira. Ndiyo maana lugha nyingi zimemtafutia jina lake peke yake badala ya kumtia kapu moja na majambazi.

Neno lenyewe lina maana gani?

Linaanzia kwenye ngozi. Mzizi wa Kiarabu ni konsonanti tatu, j-l-d, na humo mna *jild*, yaani ngozi. Kutoka ngozi kikaja kitenzi *jalada*: alimpiga ngozini, alimchapa. Kutoka kuchapa akaja mchapaji, *jallad*. Kwa asili ya neno, basi, jalladi si mkata vichwa. Ni mtu wa fimbo.

Msomaji wa Qurani ameshakutana na mzizi huu kwa sura zake zote mbili. Katika Surat An-Nur, aya ya 2, amri ya kuwachapa wazinifu mapigo mia imetolewa kwa kitenzi hicho. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 56, *julud* ni wingi wa jild: ngozi zinazoungua na kubadilishwa. Kiebrania, ambacho ni ndugu wa Kiarabu, nacho kina *geled* kwa maana ile ile. Limo katika Ayubu 16:15, pale anaposema ameshona gunia juu ya ngozi yake.

Hizo L mbili zina kazi gani?

Kubwa. Kiarabu kina kalibu ya kutengenezea majina ya wenye kazi zao: konsonanti ya kati inashindiliwa, irabu inayofuata inarefushwa, na unampata mtu ambaye kitendo hicho ndicho riziki yake. Kiswahili kimekopa kadhaa wa kalibu hiyo. *Hamali* ametokana na kubeba, *dalali* na kuonyesha, *bawabu* na *bab*, mlango.

Aliyebeba gunia lake mwenyewe mara moja hajawa hamali. Vivyo hivyo aliyemchapa mwanawe siku moja hajawa jalladi. Walimu wetu wa shule ya msingi niwaache kwanza.

Mchapaji aligeukaje kuwa muuaji?

Kwa kuongezewa kazi. Barazani kwa mtawala wa zamani hapakuwa na idara ya viboko huku na idara ya panga kule. Aliyesimama karibu akiwa na fimbo ndiye aliyeitwa adhabu ilipozidi fimbo. Jina likabaki lile lile, kazi ikawa nyingine. Na kwa kuwa kuua kunatisha kuliko kuchapa, maana ya pili ikaifunika ya kwanza.

Mwenye shaka na atazame Kihispania, kilichopita njia hiyo hiyo kivyake. *Verdugo* kwanza ni chipukizi la mti, la kijani. Kisha ni ufito uliotumika kuchapia, kisha anayeushika, mwishowe anayeua. Kilatini hakikuzunguka hata kidogo: *carnifex*, mfanya nyama.

## Ndugu zake ndani ya Kiswahili

Je, Kiswahili kinalo neno hili?

Mtu hatukumchukua. Vitu vyake tunavyo, na tunavishika kila siku.

*Jalada* la kitabu ni ngozi yake, kwa sababu vitabu vilivaa ngozi kweli. *Kujalidi* kitabu ni kukivisha. Ufundi huo haukuwa wa mbali: Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana katika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Mswahili wa huko angeweza kumtazama fundi akinyoosha ngozi juu ya msahafu na kumtajia kazi yake kwa mzizi ule ule ambao Istanbul ulimtaja mtu wa kitanzi. Binafsi nikifungua kitabu chenye jalada gumu sasa nasita kidogo.

Wa pili ni *mjeledi*, kiboko cha ngozi. Huyu yuko karibu zaidi na jalladi, maana ndicho chombo chake cha kwanza. Ukimfuata kwa upande wa ngozi au kwa upande wa pigo, unafika kwenye j-l-d.

Tazama pia ngeli. Kiswahili kilipompokea kilimweka pamoja na mkuki na mshale: mjeledi, mijeledi. Kingetaka kingemweka pamoja na mtu na watu, tukawa na *mjaladi, wajaladi*. Hakikutaka. Tulichukua kiboko tukamwacha mwenye kukishika.

Kwa nini tulimwacha, na hali mahakama nzima tuliikopa?

Swali zuri kuliko yote yaliyomo humu. Hesabu mwenyewe: hakimu, kadhi, wakili, shahidi, hukumu, adhabu, dhamana, jinai. Chumba kizima kimejaa Kiarabu, isipokuwa yule anayengoja nyuma ya mlango. Yeye ni *mnyongaji*, neno la Kibantu kuanzia kiambishi hadi tamati.

Maoni yangu ni haya. Lugha hukopa jina pale inapokopa cheo au taasisi, na kitenzi cha nyumbani kikitosha hakuna anayehangaika. *Kunyonga* kilikuwepo tayari, na ni kitenzi chenye nguvu: ni kusokota, ni kukaba, ni kutia kitanzini. (Hata baiskeli inanyongwa, na hakuna anayelalamika.) Mkoloni alipokuja na kamba na mti wake, Kiswahili kiliongeza -ji mwishoni, kazi ikawa imekwisha.

Jalidi, ile baridi ya kugandisha, nayo ni ya ukoo huu?

Kamusi za Kiarabu huiweka chini ya mzizi huo huo, kwa upande wa ugumu na ukakamavu. Mzizi wa j-l-d hauna ngozi na fimbo peke yake. Una ustahimilivu pia, na *jalad* kwa Kiarabu ni subira ya mtu asiyelegea. Anayevumilia mijeledi na anayeipiga wanagawana konsonanti zile zile tatu.

Jina langu ni Jalali. Niwe na wasiwasi?

Usiwe nao. Jalali, Jalaludini na wenzao wametoka mzizi mwingine, j-l-l, wa utukufu. Herufi mbili za mwanzo zinafanana na udugu unaishia hapo.

Na jela?

Hapana. Jela imetoka Kiingereza. Hata *gereza* halihusiani na ukoo huu. Limetokana na *igreja* ya Wareno, yaani kanisa. Ukiwa Ngome ya Yesu kule Mombasa, ngome iliyokuwa na kanisa ndani na baadaye ikawa kifungo, unaweza kuona neno linavyoweza kuhama bila kubadilisha jengo.

## Safari ya neno

Masrur, mtumishi wa khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad, alikuwa jalladi?

Kwa kazi, ndiyo. Kwa jina, anastahili zaidi kuitwa *sayyaf*, mtu wa upanga. *Sayf* ni upanga, ndiyo maana yupo Seif katika kila mtaa wa pwani, na *sayyaf* imeumbwa kwa kalibu ya hamali na dalali (tazama swali la L mbili). Saudi Arabia, ambako hukumu hutekelezwa kwa upanga, anayeishika kazi hiyo anaitwa sayyaf hadi leo.

Masrur wa hadithi za Alfu Lela Ulela ndiye anayemfuata khalifa usiku mitaani Baghdad, wote wawili wamejigeuza mavazi. Masrur wa historia naye alikuwepo: alikuwa towashi wa khalifa, na mwaka 803 ndiye aliyetumwa kumuua Ja'far bin Yahya wa ukoo wa Barmaki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwandani wa Harun. Hadithi zimewaweka wote watatu wakicheka kwenye mashua moja mtoni Tigris. Ukishajua kilichotokea mwaka 803, kicheko hicho hakisikiki tena vile vile.

Nimesoma kwamba jina limetokana na mkeka wa ngozi. Ni kweli?

Mkeka ulikuwepo, ila jina halikutoka kwake. Uliitwa *nat'*, kipande cha ngozi kilichotandikwa ili damu isichafue sakafu, na katika masimulizi ya zama za Waabbasi, ukoo wa Harun, mtawala akiita "upanga na nat'" wote chumbani wanajua kinachofuata. Mzizi wa neno hilo ni mwingine kabisa. Ila nakubali kwamba ngozi inamfuata mtu huyu kila mahali: kwenye jina lake, kwenye kiboko chake, na chini ya magoti ya aliyehukumiwa.

Istanbul walimwitaje?

*Cellat*. C ya Kituruki husomwa kama J yetu, kwa hiyo tamka "jellat". D ya mwisho imekauka ikawa T.

Huko ndiko neno lilikopata makao. Katika kasri ya Topkapi hukumu zilikuwa chini ya kikosi cha *bostanji*, na *bostan* ni bustani. Walianza kama watunza bustani za sultani wakawa walinzi wake, na mkuu wao ndiye aliyesimamia vifo vya wakubwa. Katika ua wa kwanza wa kasri ipo chemchemi inayoitwa Chemchemi ya Jalladi, na husimuliwa kwamba hapo ndipo alipooshea mikono na upanga.

Kwa watu wa ukoo wa kifalme upanga haukutumika, kwa kuwa damu yao haikupaswa kumwagika. Walikabwa kwa uzi wa upinde. Sultani Ibrahim aliuawa hivyo mwaka 1648, na aliyetumwa alikuwa Kara Ali, jalladi anayekumbukwa kuliko wote wa Istanbul. Mswahili aliye makini ataona kitu hapa: huko ndiko *kunyonga* hasa, bila mti wala ngazi.

Majalladi wenyewe wakifa hawakuzikwa pamoja na watu wengine. Makaburi yao yako mlimani Eyup, kando na makaburi ya raia, na mawe yake hayana jina wala tarehe wala maombi. Mtu aliyebeba jina la kazi maisha yake yote alizikwa bila jina lolote.

Na Bara Hindi?

Kule limekuwa jina la ukoo. Katika mji wa Meerut, kaskazini mwa India, kuna familia iliyorithishana kitanzi kwa vizazi. Kallu alikuwa miongoni mwa walioitwa Januari 1989 kuwanyonga waliohukumiwa kwa kifo cha Indira Gandhi. Mjukuu wake, Pawan, ndiye aliyewanyonga wanaume wanne katika gereza la Tihar, Delhi, tarehe 20 Machi 2020, kwa kesi ya msichana aliyebakwa na kuuawa mwaka 2012. Magazeti yalimwandika Pawan Jallad, na yeye mwenyewe alijitambulisha hivyo bila kujificha.

Hili halishangazi kwa Mwarabu mwenye jirani anayeitwa Haddad (mhunzi) au Najjar (seremala). Kazi hugeuka jina. Kinachoshangaza ni hii kuwa kazi mojawapo.

Washairi wa ghazali za Kiurdu wao wamemgeuza mpenzi. Anayekataa kumtazama mshairi ndiye jalladi wake, na nyusi zake ndizo panga. Wapenzi wa taarabu wataielewa lugha hiyo mara moja.

Waajemi walikuwa na jina jingine, sivyo?

Walikuwa nalo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote: *mir-ghazab*. Mswahili halihitaji kamusi. Mir ni amiri, ghazab ni ghadhabu. Amiri wa ghadhabu. Ndivyo alivyoitwa jalladi wa mfalme zama za Qajar, ukoo uliotawala Uajemi, na alijulikana kwa mavazi mekundu. Jina hili halimtaji mtekelezaji kwa kiungo wala kwa chombo. Linamtaja kwa hasira ya bwana wake.

Kuna majalladi ambao jina lao binafsi limekuwa jina la kazi?

Wapo. Misri, anayenyonga anaitwa *Ashmawi*, na neno hilo lilikuwa jina la mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Waliomfuata wote wamekuwa Ashmawi, upende usipende. Waingereza walimpata wao zamani zaidi: Jack Ketch, aliyekufa 1686. Mwaka 1685 alimkata kichwa Duke wa Monmouth, mkuu aliyeasi, kwa mapigo mengi badala ya moja, umati ukamzomea, na tangu hapo kila mnyongaji wa London akawa "Jack Ketch". Ajabu ni kwamba jina lililobaki ni la aliyeifanya kazi vibaya.

## Matumizi na maswali ya pembeni

Ninatafsiri. Niandike jalladi, mnyongaji au mchinjaji?

Uliza kwanza ameshika nini. Akiwa na kamba, *mnyongaji* linatosha na ni Kiswahili safi. Akiwa na upanga, mnyongaji ni kosa, hata kama kamusi yako inalitoa kwanza. Nimeona tafsiri ambamo "mnyongaji akainua upanga", na msomaji hajui aangalie wapi. Hapo andika *mkata vichwa*, au *mtu wa upanga* ikiwa habari ni ya mashariki ya kale.

*Mchinjaji* liepuke. Kwetu mchinjaji ni mtu mwenye heshima yake: anachinja kwa jina la Mungu, anaangalia kibla, anajulikana mtaani. Ukimwita mkata vichwa mchinjaji unamkosea wa buchani bila sababu.

*Jalladi* libakize pale jina lenyewe ndilo habari, kama katika Istanbul au Meerut. Ikiwa matini haisemi ameshika nini, *mtekeleza hukumu* ni refu na kavu lakini halidanganyi.

Kwa nini mnaliandika jalladi, si jaladi?

Kwa mazoea ya Kiswahili L moja ingeanguka: *hammal* akawa hamali, *dallal* akawa dalali, na huyu angekuwa jaladi. Lakini jaladi imekaa mno karibu na jalada, na sentensi kama "jaladi amekuja" ingemfanya mtu amfikirie muuza vitabu. Tumeziacha L mbili kwa sababu hiyo tu.

Jalladi ni tusi?

Katika Kiarabu cha siasa ni zaidi ya tusi. Mtawala mkatili huitwa jalladi wa watu wake, na maneno "jalladi na mhanga" huandikwa sambamba kama vile sisi tunavyosema mwindaji na windo. Kwa Kiswahili halijafika huko. Ukimtukania mtu atakuuliza maana yake kwanza.

Afrika Mashariki kuna jalladi anayefanya kazi leo?

Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, Kenya tangu 1987, ingawa adhabu ya kifo bado imo katika sheria za nchi zote mbili. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu kabisa ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Rwanda iliifuta adhabu yenyewe mwaka 2007, Burundi 2009. Kwa hiyo Tanzania na Kenya neno mnyongaji bado tunalo, kitanzi bado kimo sheriani, na mwenye kazi hana kazi.

Nimekuta "dželat" kwenye kitabu cha Kiserbia na "dzhelatin" cha Kibulgaria. Ni huyu huyu?

Ni huyu huyu, ameachwa huko na Waturuki (tazama swali la Istanbul). Waalbania wanamwandika *xhelat*.

Wabulgaria ndio wenye matatizo, kwa sababu *dzhelatin* yao inafanana kwa karibu sana na *zhelatin*, yaani jelatini ya kupikia. Wanaouliza kama hayo nayo ni ndugu wanajibiwa hapana: jelatini imetokana na Kilatini cha kuganda, na kufanana kwake na jalidi yetu ni bahati nasibu. Ila jelatini hutengenezwa kwa kuchemsha mifupa na ngozi, kwa hiyo ngozi imerudi tena, safari hii kwa mlango wa jikoni.